Kuangalia Sanaa ya Kisasa Dar es Salaam: Mwongozo Kamili, Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Kubeba Picha Nyumbani

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amekwenda Makumbusho ya Taifa kutafuta picha za wachoraji wa leo, akakutana na fuvu la Zinjanthropus na magari ya Mwalimu Nyerere. Mwingine amefika kwenye ukumbi wa maonyesho akakuta kuta tupu na fundi juu ya ngazi. Wa tatu alipatia mahali na siku, akazunguka robo saa, akapiga selfi mbili, akatoka akisema hajaelewa kitu.

Makosa mawili ya kwanza hurekebishwa kabla hujatoka nyumbani. La tatu linahitaji utaratibu wa kuangalia, na hapo ndipo mwongozo huu utakapotumia muda mrefu. Tenga saa tatu, ukiacha foleni.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho: cha NIDA, cha chuo au leseni. Taasisi za serikali zina kiingilio tofauti kwa raia, mgeni na mwanafunzi. Usipothibitisha uraia au uanafunzi, usishangae ukitozwa bei ya juu.
- Simu yenye chaji na pesa ndani yake. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo, ile kontroli namba, na huenda noti zako zisipokelewe. Kwenye vituo vya wasanii hali inaweza kuwa kinyume, kwa hiyo beba pia noti ndogondogo.
- Daftari dogo na penseli. Acha kalamu ya wino. Penseli ikigusa ukuta hufutika. Wino ukigusa karatasi ya msanii, hasara ni ya kudumu.
- Begi dogo la kuning'iniza mbele. Begi la mgongoni humfanya mtu asahau upana wake, na akigeuka ghafla ndipo kinyago kinapoanguka.
- Leso. Joto la Dar hutoa jasho, na jasho lina chumvi na mafuta.
- Maji kwenye chupa yenye kifuniko, ibaki ndani ya begi muda wote uwapo ukumbini.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kulingana na unachotafuta

Cape Town ina Zeitz MOCAA, makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa yaliyofunguliwa 2017 ndani ya maghala ya zamani ya nafaka. Dar haina jengo la namna hiyo, ambalo unaingia siku yoyote ukakuta historia yote ya wachoraji wetu imetundikwa kwa mpangilio. Sanaa ya jiji hili imetawanyika, na kila mahali pana tabia yake.

Nafasi Art Space, Mikocheni B, kwenye eneo la viwanda vidogo, Barabara ya Eyasi. Kituo hiki kipo tangu 2008. Kina ukumbi wa maonyesho na studio za wasanii, nyingine zikiwa ndani ya makontena ya meli. Ukitaka kuona kazi mpya na kumkuta aliyeitengeneza mikono ikiwa bado na rangi, anzia hapa. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hili ndilo chaguo bora kuliko yote.

Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM). Upande wa Nyumba ya Utamaduni una nafasi ya maonyesho ya sanaa, lakini sehemu kubwa ya jengo ni historia na mambo ya kale. Nenda kwa ajili ya sanaa pale tu unapojua kuna maonyesho yanayoendelea.

Goethe-Institut na Alliance Française, zote ziko Upanga. Ni vituo vya lugha na utamaduni vinavyofanya maonyesho ya muda. Kumbi ni ndogo, nusu saa hadi saa moja inatosha, na jioni ya uzinduzi ndiyo yenye watu wa kuzungumza nao.

Ushirika wa Tingatinga, yaani wachoraji wa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, Oysterbay, eneo la Morogoro Stores, na soko la vinyago Mwenge. Hapa ni karakana na duka kwa pamoja. Utaona kazi ikifanyika, lakini pia utaona picha moja imerudiwa na mikono tofauti mara nyingi. Nenda ukishajua hivyo, wala usiwadharau: ndani ya marudio hayo wapo mafundi wakubwa.

Usipange sehemu zaidi ya mbili kwa siku. Macho huchoka kabla ya miguu, na kuvuka kutoka Posta hadi Mikocheni mchana wa Ijumaa kunaweza kula muda uliokusudia kuutumia ukumbini.

## Hatua ya 2: Piga simu, uliza maswali matatu

Angalia ukurasa wao wa mtandaoni, kisha piga simu hata hivyo. Kurasa husahaulika, na tangazo la maonyesho yaliyokwisha linaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa. Uliza:

1. Sasa hivi ukutani kuna maonyesho ya nani?
2. Yanaisha tarehe ngapi?
3. Wasanii huwa studio saa ngapi?

Swali la pili ndilo linaloepusha kuta tupu. Kati ya maonyesho na maonyesho kuna siku za kutungua, kuziba matundu, kupaka rangi na kutundika upya. Ukiambiwa maonyesho yanaisha kesho, usiende keshokutwa. La tatu linahusu studio: wasanii wengi hawaripoti asubuhi kama karani, na studio iliyofungwa haina la kukuonyesha.

Kama unaleta wanafunzi, andika barua mapema na ueleze idadi na umri wao. Wagawe katika makundi ya kumi hadi kumi na mbili. Zaidi ya hapo, wa nyuma huona migongo tu.

Usiku wa kuamkia safari, tumia dakika ishirini kutafuta kwenye simu picha za watu watatu. Wa kwanza ni Sam Ntiro, ambaye mchoro wake uko kwenye mkusanyo wa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, tangu 1960. Wa pili ni George Lilanga (1934–2005), aliyeleta mashetani, wale viumbe wa ajabu wa vinyago vya Kimakonde, kwenye rangi. Wa tatu ni Sungi Mlengeya, mchoraji wa kizazi cha sasa. Huhitaji kukariri kitu. Unayapa macho mahali pa kulinganishia.

## Hatua ya 3: Fika bila kupotea

Onyo kubwa: usimwambie bodaboda au dereva wa bajaji "nipeleke Makumbusho" peke yake. Atakupeleka kituo cha daladala cha Makumbusho, Kijitonyama, palipo na Kijiji cha Makumbusho na nyumba zake za asili. Makumbusho ya Taifa yako Posta. Sema "Makumbusho ya Taifa, Posta, karibu na IFM".

Kwa mwendokasi, shuka Kivukoni kisha tembea. Njiani usipige picha ovyo, kwa sababu Ikulu na ofisi za serikali ziko jirani, na askari hana muda wa kusikiliza kwamba wewe ni mpenzi wa sanaa.

Kwa Mikocheni, mwendokasi hukufikisha Morocco. Malizia kwa bajaji. Taja Barabara ya Eyasi na uwe umefungua ramani, maana eneo lile lina mageti ya viwanda yanayofanana. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, ahirisha mvua ikiwa kubwa. Barabara za Mikocheni hujaa maji, na studio zilizo uwanjani hazifikiki bila kulowa.

## Hatua ya 4: Getini na mapokezi

Salimia, jiandikishe, kisha uliza mambo mawili: picha zinaruhusiwa, na kuna kazi yoyote ya kuguswa? Baadhi ya kazi za leo zimetengenezwa ili mtu aingie ndani yake au azisogeze, lakini usikisie. Omba pia karatasi ya maelezo ya maonyesho kama ipo, uiweke mfukoni bila kuisoma. Sababu iko hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Zunguka mara moja bila kusimama

Pita ukumbi mzima kwa dakika kumi. Usisome, usipige picha. Kazi yako ni kujua kuna nini, kisha kuchagua tano: tatu zilizokuvuta, moja uliyoichukia, na moja uliyoipita bila kuiona mpaka uliporudi.

Wengi huharibu hapa. Huanza na kazi ya kwanza mlangoni, husoma kila neno, na wakifika ya kumi akili imeshachoka. Nusu ya pili ya ukumbi huonwa kwa kutembea haraka kuelekea kwenye soda. Kazi tano zilizoangaliwa kwa dakika kumi kila moja ni dakika hamsini za kuangalia kweli, na mtu asiye na mazoezi hana zaidi ya hizo kwa siku.

Ile uliyoichukia usiiache. Mara nyingi ndiyo inayofanya jambo ambalo hukutegemea picha ilifanye.

## Hatua ya 6: Angalia kazi moja kwa dakika kumi

Dakika mbili za kwanza, kwa mbali. Simama umbali wa karibu mara mbili ya urefu wa picha: picha ya mita moja, anza mita mbili. Usisome lebo. Lebo ikitangulia, macho hutafuta kilichoandikwa na kuacha kilichochorwa. Jiulize: jicho limetua wapi kwanza? Limeelekea wapi baadaye? Sehemu gani ni tupu?

Swali la utupu halina mzaha. Sungi Mlengeya huchora wanawake weusi kwa akriliki na kuacha eneo kubwa la kanvasi likiwa jeupe, kiasi kwamba nguo zao huungana na weupe wa nyuma yao. Anayetafuta nguo iliyochorwa ataona mapungufu. Anayeuliza nguo inaishia wapi atagundua kwamba ni macho yake mwenyewe yanayoishona. Lilanga alikwenda kinyume: viumbe wake hujaza uwanja hadi ukingoni, na hakuna pa kupumzika. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, mara nyingi aliweka mnyama mmoja mbele ya rangi tulivu; msongamano wa wanyama unaouona madukani leo umekuja baada yake.

Dakika tatu, kwa karibu. Sogea, lakini baki kama mita moja kutoka kwenye kazi, mikono nyuma. Sasa tafuta mkono wa msanii. Rangi ni nene au nyepesi? Ni ya mafuta, akriliki, au ile rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli ambayo Tingatinga aliitumia kwenye hadibodi? Kuna mshono, gundi, msumari, karatasi iliyobandikwa? Kisha sogea pembeni uangalie kwa ubavu. Mwanga wa pembeni hufichua matuta ya brashi na mahali palipochorwa upya, mambo ambayo ukiwa mbele huyaoni.

Usiguse hata kwa ncha ya kidole. Akriliki isiyopakwa vanishi hunasa mafuta ya ngozi, vumbi hushika pale, na kwa unyevu wa Dar kuvu hufuata. Alama haitaonekana leo. Itaonekana baada ya miezi.

Dakika mbili, andika. Orodhesha vitu vitano unavyoviona, vya kuonekana kwa macho: "mguu wa kushoto hauna kivuli", "bluu imepita juu ya nyekundu". Usiandike "huzuni" wala "ukoloni" bado. Ukishindwa kufikisha vitano, rudi mbali uanze tena.

Dakika tatu, sasa soma. Lebo hutoa jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo. Kwa kawaida kimo hutangulia upana, halafu kina kama kazi ina umbo. Anza na malighafi, kwa sababu ndizo zinazopuuzwa. Ikisema "mchanganyiko wa malighafi", rudi kwenye kazi uzitafute. Mwaka nao unafaa: kazi ya miaka ishirini iliyopita ilikuwa inajibu jiji lingine.

Linganisha lebo na orodha yako. Zikikubaliana, vizuri. Zikipingana, amini orodha yako kwanza, kisha umtafute mtu wa kumuuliza. Na ukijikuta unasema "hii hata mtoto angechora", uliza hatua moja zaidi: mtoto angeishia wapi? Angeacha nini?

Utajua hatua hii imefaulu ukiweza kumweleza mtu kazi hiyo kwa simu, bila picha, naye akauliza swali.

## Hatua ya 7: Video na kazi zinazojaza chumba

Video ina urefu wake kwenye lebo. Ikiwa ni dakika saba, kaa dakika saba. Ukiingia katikati, subiri ianze upya na uangalie hadi pale ulipoingilia. Aliyekaa sekunde arobaini hajaiona kazi, sawa na aliyesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Kazi ya kusimikwa, yaani vitu vilivyopangwa chumbani, huzungukwa. Ingia, zunguka, kisha tafuta mahali ambapo umelazimika kusimama au kuinama. Msanii amekupangia mahali hapo. Angalia chini: nyaya na nyuzi nyembamba ndizo huangusha wageni.

Kwa watoto, mpango ni tofauti: kazi tatu, dakika arobaini na tano, karatasi na penseli. Wape kila mmoja kitu kimoja cha kuchora kutoka kwenye picha, kama vile jicho au kiatu. Mtoto anayechora haguswi na hamu ya kukimbia.

## Hatua ya 8: Zungumza na msanii

Studio ni mahali pa kazi. Piga hodi, subiri ukaribishwe. Mzee mpe shikamoo yake. Kijana, "habari za kazi" inatosha. Mtu akiwa katikati ya kupaka rangi inayokauka haraka, subiri ainue kichwa.

Usianze na "hii ina maana gani?" Swali hilo humlazimisha kukupa jibu alilokwisha kuwapa wageni wengi. Toa daftari na uulize juu ya kitu ulichokiona: "Kwa nini bluu imepita juu ya nyekundu?" "Ulianzia wapi hapa?" "Ulijuaje imekwisha?" Utashangaa mazungumzo yanavyofunguka.

Kazi ambayo haijakamilika usiipige picha bila ruhusa. Wazo likitoka mtandaoni kabla ya maonyesho, kuna wa kulinakili kesho yake.

## Hatua ya 9: Picha kwa simu

Piga mwishoni, si mwanzoni, na zima flashi. Kusema kweli, jua la dirishani huharibu kazi kuliko flashi yako, lakini flashi huwasumbua wengine na hurudisha mng'ao unaokuachia doa jeupe katikati ya picha. Kazi za karatasi ndizo zenye hatari zaidi kwa mwanga. Makumbusho nyingi huziwekea mwanga hafifu wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Chumba kikiwa na giza kidogo, si kwamba bili ya umeme imewashinda.

Piga kazi, halafu piga lebo yake papo hapo. Ukiposti, taja jina la msanii.

## Hatua ya 10: Ukitaka kununua

Uliza bei bila aibu, lakini usibishane kama uko Kariakoo kwenye mtumba. Bei ya ukumbini mara nyingi ina fungu la ukumbi ndani yake. Kama haifikiki, uliza kazi ndogo au chapa, yaani picha inayochapwa kwenye karatasi kwa nakala kadhaa. Dar ina wachapaji wazuri, akiwemo Lutengano Mwakisopile, maarufu kama Lute, anayechonga mbao na kuchapa. Chapa huandikwa namba kama 3/20, maana yake ya tatu kati ya ishirini. Isiyo na namba wala sahihi, uliza kwanza kwa nini.

Dai risiti na karatasi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo na sahihi. Kumbuka pia kwamba umenunua kitu chenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kununua picha hakukupi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana.

Kwa kinyago cha Mwenge, kipime mkononi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na weusi wake uko ndani ya mti. Mbao nyepesi hupakwa kiwi ya viatu. Sugua chini ya kitako kwa leso yenye maji uone kama weusi unatoka.

Picha ya kanvasi ikiondolewa kwenye fremu, izungushe rangi ikiwa nje, juu ya bomba la plastiki la inchi 4 au nene zaidi. Rangi ikiwa ndani hujikunja na kupasuka. Tanguliza karatasi ya kuokea keki juu ya rangi. Gazeti hapana, wino wake huhamia. Rangi ya kung'aa ya Tingatinga hukaa muda mrefu kabla ya kukauka kabisa, kwa hiyo bonyeza kwa upole pembeni, msanii akiruhusu. Ikinata, iache dukani wiki moja. Usiiweke kwenye buti ya gari juani. Ukifika nyumbani ifungue siku hiyohiyo, ilaze juu ya meza safi rangi ikitazama juu, na uipeleke kwa fundi fremu kabla haijazoea kujikunja.